Mbwa wa Ploti Ni wa Nani? Madaktari wa mifugo wanaojitolea wanamhitaji mkazi wa Eastlands

Katika mitaa mingi ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Dandora, kuna mbwa ambaye kila mtu anamjua lakini hakuna anayesema ni wake. Hulala karibu na lango la ploti, hula mabaki ya bucha na vibanda vya chakula, huwabwekea wageni usiku, na watoto wamekwisha kumpa jina. Siku ya chanjo ya bure inapotangazwa, yeye ndiye hubaki nyuma. Mwenye mbwa wa kufuga humleta kwa kamba. Mbwa wa ploti hana wa kumleta.

Pengo hilo ndilo linalowasumbua madaktari wa mifugo wanaotoa muda wao kuchanja, kutibu na kuhasi wanyama mitaani. Dawa ipo na wataalamu wapo. Lakini chanjo ya siku moja haiwezi kulinda mtaa mzima iwapo mbwa wanaozunguka zaidi, na wanaocheza na watoto zaidi, hawakufikishwa kwenye meza ya chanjo.

Makala haya yanaeleza kazi ya madaktari hao, sababu za kuifanya, sheria inayowaongoza, na sehemu ambayo ni mkazi peke yake anayeweza kuitimiza.

UGONJWA WA ZAMANI, KINGA INAYOJULIKANA

Kichaa cha mbwa si jambo geni Nairobi. Kisa cha kwanza cha ugonjwa huo kuthibitishwa nchini Kenya kilikuwa cha mbwa aliyepatikana viungani mwa mji huu mwaka 1912. Zaidi ya karne moja baadaye, mkakati wa kitaifa wa kutokomeza ugonjwa huo, uliozinduliwa mwaka 2014, ulikadiria kuwa watu wapatao 2,000 hufariki nchini kila mwaka. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka. Kati ya kila watu 10 wanaofariki, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Virusi vya ugonjwa huu hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kupitia jeraha la kuumwa au mkwaruzo, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu, na wakati huo mtu huonekana mzima kabisa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Hii ndiyo sababu ugonjwa huu huzuiwa mapema, wala hausubiriwi hospitalini.

Asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kwa hivyo, njia ya kumlinda mtoto wa Dandora au Buruburu huanza kwa kumchanja mbwa anayepishana naye akienda dukani. Madaktari wa mifugo husema afya ya mnyama na afya ya binadamu ni kitu kimoja, na kichaa cha mbwa ni mfano ulio wazi kuliko yote.

HESABU YA ASILIMIA 70

WHO na wataalamu wa mifugo wanakubaliana kwamba, ili ugonjwa huu ukose njia ya kuenea, angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo wanapaswa kuchanjwa, na kampeni irudiwe kila mwaka. Neno muhimu hapo ni "wote".

Tuchukue mfano wa mtaa wenye mbwa 200. Ili kufikia kiwango hicho, mbwa 140 wanapaswa kuchanjwa. Tuseme 90 kati yao wana wenyewe, na 110 ni mbwa wa ploti, wa sokoni na wa karibu na majaa ya taka. Hata kama kila mwenye mbwa atakuja siku ya chanjo bila kukosa, waliochanjwa watakuwa 90 tu, yaani asilimia 45. Madaktari watakuwa wamefanya kazi tangu asubuhi hadi jioni, foleni itakuwa imekwisha, lakini mtaa utakuwa bado haujalindwa.

Sababu ya kurudia kila mwaka pia inaeleweka kwa hesabu. Mbwa wengi wa mitaani hawaishi muda mrefu. Hugongwa na magari, huugua, hufa njaa, na nafasi zao huchukuliwa na watoto wa mbwa ambao hawajawahi kuchanjwa. Mtaa uliofikisha asilimia 70 mwaka huu unaweza kushuka sana mwaka ujao bila hata mbwa mmoja kuhamishwa.

SOMO KUTOKA PEMBA

Wapo wanaouliza kama ugonjwa huu unaweza kweli kwisha katika nchi zetu. Jibu lipo jirani. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 zilifanikiwa kuumaliza ugonjwa huo mwaka 2014. Lakini mwaka 2016 uliingia tena. Wataalamu walirejea mitaani na vijijini, wakachanja tena, na kufikia mwaka 2018 ukawa umezimwa mara ya pili.

Pemba inafundisha mambo mawili. La kwanza, chanjo ya mbwa inaweza kuumaliza ugonjwa huu bila kuua mbwa wa eneo zima. La pili, mahali palipoushinda ugonjwa panaweza kuupoteza ushindi huo kukilegea. Nairobi si kisiwa. Mbwa na wenyewe huingia na kutoka kila siku kupitia Machakos, Kiambu na Kajiado. Kwa hivyo bidii inayohitajika hapa ni kubwa zaidi.

Kenya, pamoja na mataifa mengine, imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030.

WANAOJITOLEA NI AKINA NANI?

Wengi wao ni madaktari wa mifugo waliosajiliwa, wenye kliniki zao au walioajiriwa kwingineko, wanaotoa Jumamosi zao. Chama cha Madaktari wa Mifugo Kenya (KVA) huhamasisha wanachama wake hasa wakati wa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ilianza mwaka 2007 na sasa huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, na Siku ya Madaktari wa Mifugo Duniani, ambayo huangukia Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Wahadhiri na wanafunzi wa udaktari wa mifugo kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, nao huonekana kwenye kampeni kama hizi, wanafunzi wakifanya kazi chini ya uangalizi wa daktari.

Yapo pia mashirika. KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama ambalo asili yake ni mwaka 1910, huokoa wanyama waliojeruhiwa au kutelekezwa na kuendesha kliniki za kuhasi. ANAW, lililoanzishwa mwaka 2006 na lenye makao Nairobi, limejikita katika elimu, chanjo na utetezi wa sera.

Mkazi anapaswa kujua jambo moja hapa. Kujitolea hakumwondolei mtu masharti ya taaluma. Chini ya Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wataalamu Wasaidizi ya mwaka 2011, anayetibu wanyama lazima awe amesajiliwa na kupewa leseni na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya (KVB). Mtu anayepita mlangoni na mfuko wa sindano akidai kuchanja mbwa kwa bei ya kutupa anaweza kuulizwa cheti chake, na asipokuwa nacho asiruhusiwe kumgusa mnyama. Chanjo ya kichaa cha mbwa huhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye jua ndani ya mfuko, anayechomwa hapati kinga, na mwenye mbwa hubaki akiamini amelindwa.

KINACHOFANYIKA SIKU YA CHANJO

Kituo cha chanjo hakihitaji jengo. Uwanja wa shule, ua wa kanisa au msikiti, au kivuli cha mti karibu na ofisi ya chifu hutosha. Kinachohitajika ni meza, kisanduku cha barafu, maji, sabuni, na watu wa kupanga foleni ili mbwa wasipigane.

Mtu wa kwanza huandikisha jina la mwenye mbwa, mtaa, jinsia na umri wa mbwa. Wa pili humsaidia mwenyewe kumshika. Daktari humtazama mnyama kwanza: kama ni mgonjwa sana, huenda akashauri chanjo iahirishwe. Sindano yenyewe huchukua sekunde chache. Kisha mwenye mbwa hupewa cheti chenye tarehe, na mbwa huwekewa alama, kwa mfano ukosi au rangi, ili anayehesabu mitaani baadaye ajue nani amechanjwa na nani bado.

Wanaoshika mbwa wasiojulikana hupaswa kuwa wamechanjwa wao wenyewe dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kuanza kazi. Kwa sababu hiyo kijana wa mtaa mwenye nia njema hapaswi kukimbiza mbwa kwa mikono mitupu ili "kusaidia madaktari". Msaada mkubwa zaidi ni wa yule ambaye mbwa anamjua tayari.

Hapo ndipo mlinzi wa usiku, mama wa kibanda cha chakula, mwenye bucha na msimamizi wa ploti wanapokuwa watu muhimu kuliko mgeni mwenye koti jeupe. Mbwa anayemkimbia daktari humfuata anayempa mfupa kila jioni. Ukimzoesha kamba siku chache kabla ya chanjo, ukamwongoza mwenyewe hadi kituoni, umefanya kazi ambayo timu nzima ya wataalamu ingeishindwa.

KUHASI, NA KWA NINI SUMU HAISAIDII

Malalamiko kuhusu mbwa koko ni ya haki. Wanapasua mifuko ya taka, wanawatisha watoto wanaoenda shule alfajiri, na wanaume na wanawake wanaotoka zamu za usiku hulazimika kubeba mawe. Kwa miaka mingi miji mingi ya Afrika ilijibu kwa sumu na risasi. Madaktari wa mifugo na watetezi wa wanyama wamelipinga jambo hilo, na hoja yao si huruma peke yake.

Kwanza, mbwa wapo kwa sababu chakula kipo. Ukiwaua walio karibu na jaa la taka na taka ikabaki, wengine huhamia hapo kutoka mitaa ya jirani, na hao wapya hawajachanjwa. Pili, sumu haichagui. Humuua pia mbwa aliyechanjwa mwezi uliopita, ambaye alikuwa sehemu ya ile asilimia 70. Tatu, chambo chenye sumu kilichotupwa kando ya njia kinaweza kuokotwa na mtoto, paka, kuku au nguruwe. Nne, kifo cha sumu ni cha mateso makali.

Njia inayoshikilia ni kupunguza uzazi na kupunguza taka. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kumfunga kizazi mmoja huzuia watoto wengi kwa maisha yake yote. Upasuaji huo huhitaji dawa ya usingizi, vifaa safi na uangalizi baadaye, kwa hivyo timu ya kujitolea huweza kuhudumia wanyama wachache tu kwa siku kuliko inavyoweza kuchanja. Ni huduma ambayo nafasi zake hazipaswi kupotezwa kwa kutofika.

Paka wasio na wenyewe nao hukamatwa kwa mitego salama, wakahasiwa, kisha wakarudishwa walikotoka. Mara nyingi daktari huwakata ncha ndogo ya sikio wakiwa bado usingizini. Mkazi akiona paka wa sokoni mwenye sikio lililokatwa hivyo, asidhani ameteswa. Hiyo ni alama kwamba paka huyo hatazaa tena.

PUNDA WA MAJI NAYE ANA HAKI

Kazi ya madaktari wanaojitolea haikomei kwa mbwa na paka. Kuelekea Njiru, Ruai na pembe za Kayole, mifereji inapokauka, maji hufika mlangoni kwa mkokoteni wa punda. Mitungi inapopangwa juu ya mkokoteni, uzito hupanda haraka: lita 20 za maji ni kilo 20, hivyo mitungi 25 ni nusu tani, kabla ya kuhesabu mkokoteni wenyewe.

Madaktari wanaowatembelea wenye punda hutibu vidonda vya shingoni na mgongoni vinavyosababishwa na kamba mbovu, hupunguza kwato, hutoa dawa za minyoo, na hufundisha namna ya kutengeneza lijamu na vishikio kwa magunia na vitambaa laini. Mashirika kama KSPCA na Brooke East Africa yamekuwa mstari wa mbele katika kutetea ustawi wa punda. Ujumbe wao kwa mwenye mkokoteni ni wa kibiashara: punda aliyepumzishwa, akanyweshwa na kulishwa, hufanya kazi miaka mingi. Aliyechapwa hadi akaanguka huacha familia bila kipato.

Utetezi pia umefika ngazi za juu. Biashara ya ngozi za punda iliposababisha wizi na upungufu wa wanyama hao, serikali ya kitaifa ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara mwaka 2020. Mahakama Kuu iliitengua amri hiyo mwaka uliofuata. Mjadala ulivuka mipaka, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliidhinisha kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwatunza na kuwazika wanyama. Huduma za mifugo pia ni jukumu la kaunti, isipokuwa usimamizi wa taaluma yenyewe, ambao uko chini ya KVB. Madaktari wanaojitolea hivyo wanasaidia kazi ya umma. Hawachukui nafasi ya ofisi ya mifugo ya kaunti, na kampeni zao hupangwa vizuri zaidi zinapoishirikisha ofisi hiyo mapema.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumbebesha mzigo uliozidi nguvu zake, kumnyima chakula na maji, au kumtelekeza. Sheria hiyo ni ya mwaka 1962, na faini yake ya hadi Sh3,000, au kifungo cha hadi miezi sita, ni mojawapo ya mambo ambayo watetezi wanataka yaangaliwe upya. Hata hivyo inatumika, na ripoti hupokelewa katika kituo chochote cha polisi. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, nayo inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo kutoa taarifa.

MKAZI AFANYE NINI

• Chanja mbwa na paka wako kila mwaka, kuanzia umri wa miezi mitatu. Walio wadogo zaidi, mwulize daktari. Hifadhi cheti.

• Kaeni kama wakazi wa ploti mkubaliane ni nani atampeleka mbwa wa ploti kwenye chanjo. Si lazima awe mwenye mbwa. Atosheke kuwa mtu ambaye mbwa anamwamini.

• Mlete mbwa kwa kamba imara, aletwe na mtu mzima. Mtoto mdogo asitumwe peke yake. Paka aletwe ndani ya kikapu au boksi lenye matundu.

• Funga taka vizuri, na usitupe mabaki ya nyama barabarani. Wenye bucha wana nafasi kubwa katika hili.

• Usitege sumu. Mbwa akiwa tishio, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi au chifu.

• Wafundishe watoto wasimguse mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au anayenyonyesha, na wasimkimbie wala kumrushia mawe.

UKIUMWA AU KUKWARUZWA NA MBWA

• Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Hatua hii huondoa virusi vingi. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala dawa za kienyeji.

• Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anaonekana mzima. Majeraha ya kichwani, usoni na mikononi ni ya hatari zaidi.

• Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Wengi huacha baada ya sindano ya kwanza au ya pili kwa sababu kidonda kimepona. Kupona kwa kidonda si ushahidi kwamba virusi havimo mwilini.

• Mbwa aliyekuuma asiuawe iwapo anaweza kufungwa salama. Akichunguzwa kwa siku 10 na akabaki mzima, daktari atajua kwamba hakuwa akiambukiza alipouma. Usisubiri siku hizo ziishe ndipo uende hospitalini.

• Mbwa akifa au akitoweka, mjulishe mhudumu wa afya na ofisi ya mifugo mara moja.

Tarehe na vituo vya chanjo hutangazwa kupitia ofisi za wadi, machifu na wazee wa mtaa. Wakazi wanaotaka mtaa wao ufikiwe na kampeni, pamoja na madaktari wanaotaka kujitolea, wanashauriwa kuwasiliana na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yao kabla ya siku yenyewe. Waje na hesabu ya mbwa wa mtaa mzima, wakiwemo wale wasio na mwenyewe, kwa kuwa idadi hiyo ndiyo huamua dozi ngapi zitawekwa kwenye kisanduku cha barafu.